Nani Anasasisha Msimbo Unaobeba Takwimu za Simiyu?

Kila mwezi unapokwisha, vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, hufunguliwa katika zahanati za Meatu, Itilima, Maswa, Busega na Bariadi, na kazi ya kuhesabu huanza. Wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa waliopimwa malaria na kukutwa na vimelea: kila safu ina jumla yake, na kila jumla ina nafasi yake kwenye fomu. Mwisho wa safari tarakimu hizo huingia DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ambao kufikia mwaka 2013 ulikuwa umeenezwa nchi nzima. Simiyu yenyewe ilikuwa changa wakati huo. Mkoa ulianzishwa Machi 2012, Bariadi ikawa makao makuu, na kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 2. Idadi ya dawa na chanjo wanazohitaji watu hao hukadiriwa kwa kutazama takwimu zilizoanzia kwenye vitabu vile.

Muuguzi anayejaza kitabu hana haja ya kujua msimbo ulio chini ya mfumo. Lakini lazima awepo mtu anayeujua na kuutunza. Mhadhara huu unamhusu mtu huyo, na hasa sehemu moja ya kazi yake ambayo haizinduliwi kwa kukata utepe: kusasisha vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, pale vinapogundulika kuwa na matundu ya kiusalama. Hoja yake ni kwamba kazi hiyo ni matunzo ya mali ya umma, na inastahili jina la mhusika, saa za kazi na fungu katika bajeti.

DHIS2 hutengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa ushirikiano na vituo vya nchi nyingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa kimojawapo. Ni programu ya chanzo huria inayotumika katika nchi zaidi ya 80, na imeandikwa kwa lugha ya Java. Hata hivyo, sehemu kubwa ya msimbo unaoendesha mfumo kama huo haikuandikwa Oslo. Kuna maktaba ya kusoma tarehe, maktaba ya kuzungumza na hifadhidata, maktaba ya kusimba nywila. Hizi ndizo tegemezi za programu, na kila moja ina tegemezi zake. Mtengeneza programu huzichagua chache kwa mkono; nyingine nyingi huja nyuma ya hizo bila yeye kuzitaja.

Mkulima wa pamba wa Simiyu anaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Mbegu inayomfikia imepita mashamba na vinu asivyovijua. Mnyauko wa fusari, ugonjwa unaojulikana sana katika ukanda wa pamba wa magharibi, husafiri na mbegu yenyewe na ukishaingia ardhini hukaa miaka mingi. Shamba safi huambukizwa na kitu ambacho mkulima alikipokea kwa nia njema. Ndiyo maana watafiti wa Ukiriguru, wilayani Misungwi, hufuatilia aina za mbegu, na ndiyo maana UK91 iliyopandwa kwa miaka mingi iliachia nafasi UKM08. Anayepanda anahitaji kujua ameshika mbegu ya aina gani.

Katika ulimwengu wa programu, swali hilo liliulizwa kwa kishindo Desemba 2021.

Tarehe 24 Novemba mwaka huo, Chen Zhaojun, mtaalamu wa usalama wa Alibaba Cloud nchini China, aliwaandikia watunzaji wa maktaba iitwayo Log4j kuwaarifu kuhusu tundu alilolikuta. Kazi ya Log4j ni kuandika kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu: nani ameingia, saa ngapi, ukurasa gani umekataa kufunguka. Tangu 2013 maktaba hiyo ilikuwa na uwezo wa ziada ambao watumiaji wengi hawakujua kama upo. Ikikuta maandishi ya namna fulani, yenye alama ya dola na mabano, haikuyaandika tu kama yalivyo. Iliyachukua kuwa agizo, ikaenda hadi kwenye seva iliyotajwa humo, na iliweza kuchota msimbo kutoka huko na kuuendesha. Mshambuliaji hakuhitaji nywila. Ilimtosha kuandika maneno hayo mahali popote ambapo programu ingeyaweka kwenye kumbukumbu: kisanduku cha kutafutia, sehemu ya jina la mtumiaji, hata gumzo la mchezo wa Minecraft, ambako wachezaji walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuuona ubaya wake.

Tarehe 9 Desemba habari ikawa hadharani. Tundu lilipewa alama 10 kati ya 10 za hatari, likaitwa Log4Shell. DHIS2, ikiwa programu ya Java iliyotumia Log4j, nayo iliguswa. Timu ya Oslo ilitoa tahadhari, ikafuatisha matoleo yaliyorekebishwa, na kila nchi ikabaki na kazi ya kuyaweka kwenye seva zake. Ulikuwa msimu ambao mashamba ya Itilima na Maswa hupandwa pamba, na vitabu vya MTUHA vilikuwa vikikaribia kufunga mwaka.

Ugumu ulikuwa katika kujua Log4j iko wapi. Timu ya Google inayochunguza programu huria ilipokagua hazina kuu ya maktaba za Java katikati ya Desemba, ilikuta vifurushi zaidi ya 35,000 vimeguswa, na kwa zaidi ya asilimia 80 ya hivyo tundu halikuwa kwenye tegemezi ya moja kwa moja. Lilijificha ngazi ya pili, ya tatu, mara nyingi ya tano, na kwa baadhi hata ya tisa. Serikali ya jimbo la Québec, Kanada, ilizima karibu tovuti na huduma 4,000 kwa tahadhari, kwa kuwa haikuwa na orodha ya kuionyesha ni zipi zinazotumia Log4j na ni zipi zilizo salama. Serikali tajiri, yenye wataalamu, ilizima kila kitu kwa kukosa orodha. Tukio hilo linastahili kusomwa katika kila ofisi ya TEHAMA.

Marekebisho yenyewe, ukiyatazama kwenye skrini, ni mstari mmoja. Mradi wa Java una faili linaloorodhesha maktaba na namba za matoleo; palipokuwa 2.14.1 paliandikwa 2.15.0. Toleo hilo lilipotoka watu walipumua, kisha ikabainika kuwa halikuziba tundu lote. Likaja 2.16.0. Likafuata 2.17.0, na kabla mwaka haujaisha, 2.17.1. Waliokuwa wakiandika usiku na mchana ni kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa na ajira nyingine. Mashirika yenye mapato ya mabilioni ya dola yaliwasubiri.

Kubadilisha tarakimu kwenye faili ni kazi ya dakika. Kuthibitisha kwamba baada ya kubadilisha mfumo bado unajumlisha sawasawa watoto waliochanjwa, kwamba ripoti za robo mwaka zinafunguka, kwamba simu inayotuma takwimu kutoka kijijini bado inapokelewa, ni kazi ya siku kadhaa. Inahitaji seva ya majaribio iliyo kama ile halisi, nakala ya akiba iliyokwisha kujaribiwa kurejeshwa, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "turudi nyuma" mambo yakiharibika. Vitu hivyo vina gharama, na mara nyingi ndivyo vinavyokatwa mradi unapoandikiwa bajeti, kwa sababu mfadhili na mkurugenzi wote hupenda kuona moduli mpya.

Gharama ya kutofanya hivyo inajulikana, na mfano wake mkubwa una tarehe kamili. Tarehe 7 Machi 2017 watunzaji wa Apache Struts, maktaba nyingine ya Java, walitangaza tundu kubwa na siku hiyohiyo wakatoa toleo lililozibwa. Tarehe 9 Machi kampuni ya Marekani ya Equifax, inayotunza taarifa za mikopo ya watu, ilituma agizo ndani ya kampuni kwamba mifumo yote isasishwe ndani ya saa 48. Agizo lilikuwa sahihi. Lakini wachunguzi wa serikali walikuja kubaini kwamba orodha ya waliotumiwa ilikuwa imepitwa na wakati, na waliopaswa kuweka marekebisho hawakuupata ujumbe. Ukaguzi wa mashine uliofanyika wiki iliyofuata haukuuona mfumo uliobaki na tundu. Katikati ya Mei wadukuzi waliingia na kuanza kuchota.

Waliendelea hadi mwisho wa Julai. Kifaa cha kukagua mawasiliano yanayotoka kilikuwa kipofu kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikwisha muda miezi 19 kabla na hakuna aliyekihuisha. Kilipohuishwa tarehe 29 Julai, wizi ukaonekana mara moja. Watu wapatao milioni 147 walikuwa wameibiwa taarifa, na mwaka 2019 kampuni ilikubali suluhu iliyoweza kufika dola milioni 700. Toleo lililozibwa lilikuwepo, la bure, zaidi ya miezi miwili kabla mdukuzi hajaingia.

Sehemu ya orodha iliyopitwa na wakati inaigusa Tanzania kwa karibu. Katika utumishi wa umma uhamisho ni jambo la kawaida. Afisa TEHAMA aliyejenga mfumo wa halmashauri anaweza kuhamishiwa mkoa mwingine, na barua pepe yake ikabaki ndiyo inayopokea tahadhari. Tahadhari ikija, inamfikia mtu ambaye hana tena ufunguo wa seva. Hakuna uzembe wa mtu mmoja hapo. Kuna mahali pa kazi ambapo makabidhiano huhesabu kompyuta, printa na viti, na kuyasahau majina yaliyo kwenye orodha za tahadhari.

Hadi hapa mhadhara umezungumzia mifumo inayosasishwa na wataalamu wa ngazi ya taifa. Lakini msimbo unaandikwa pia Bariadi. Kijana mwenye kompyuta mpakato na bando la intaneti anaweza leo kujenga mfumo wa ada kwa shule, wa mauzo kwa duka la pembejeo, au wa kumbukumbu za wanachama kwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, akaukodia seva Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake mwaka 2020, au Ulaya. Seva hiyo haijawahi kuguswa na mkono wake. Ameieleza kwa maandishi: mashine ngapi, mtandao upi, mlango upi uwe wazi na upi ufungwe, kisha programu kama Terraform, iliyotolewa na kampuni ya HashiCorp mwaka 2014, ikayasoma maandishi hayo na kuijenga. Miundombinu imekuwa msimbo, na msimbo una tegemezi.

Terraform na viunganishi vyake vimeandikwa kwa lugha ya Go, na karibu vyote huegemea maktaba chache za pamoja, mojawapo ya usimbaji na nyingine ya mawasiliano ya mtandao. Tundu likionekana humo, maelfu ya miradi hutikisika kwa mpigo. Desemba 2024 maktaba ya usimbaji ilitoa toleo 0.31.0 kuziba tundu katika sehemu ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, ambapo programu iliyoitumia vibaya ingeweza kumruhusu mtu kwa ufunguo ambao hakuthibitisha kuwa ni wake. Wiki moja baadaye maktaba ya mtandao ikatoa 0.33.0, kuziba kasoro iliyoweza kuifanya programu ielemewe kwa kusoma ukurasa uliotengenezwa kwa hila. Kote duniani watunzaji wa msimbo wa wingu walikuta maombi ya kubadilisha mstari mmoja yakiwasubiri, mengi yakiwa yameandikwa na roboti.

Kuelemewa kwa huduma si jambo dogo. Julai 2023 Wakenya waliona eCitizen, lango lenye huduma za serikali zaidi ya 5,000, likizidiwa na mafuriko ya maombi bandia. Pasipoti, viza, leseni na tiketi za treni ya SGR vilikwama, na malipo ya simu yakasumbua. Oktoba mwaka huohuo Google ilitangaza kwamba ilikuwa imekabili shambulio lililofika maombi milioni 398 kwa sekunde, kwa kutumia kasoro katika kanuni za mawasiliano za HTTP/2. Programu za Go zilizotumia maktaba ya mtandao zilihitaji kupanda hadi toleo 0.17.0. Ni mstari mmoja, tena.

Je, kila tahadhari ikimbiliwe? Hapa inafaa kutulia. Mradi unaweza kuwa na maktaba yenye tundu bila kuigusa kamwe sehemu yenye tundu. Waandishi wa Go walitoa chombo kiitwacho govulncheck, kinachosoma msimbo na kusema kama njia inayoelekea kwenye tundu kweli inapitika. Kwa mtu mmoja anayetunza mifumo mitatu kwa wakati mmoja, jibu hilo linamwokolea usiku mzima. Lakini hata njia ikiwa haipitiki, toleo lililozibwa liingizwe katika ratiba ya kawaida. Anayesasisha kidogo kidogo kila mwezi hukuta mabadiliko machache ya kupima. Anayengoja miaka mitatu hukuta matoleo yamerukana, kazi zimebadilishwa majina, na hakuna tena anayezungumzia toleo lake.

Hatari ya upande wa pili ni kupokea kila kipya bila kukitazama. Mapema 2021 wadukuzi walibadilisha chombo kidogo cha kampuni ya Codecov kilichotumika katika mitambo ya kujengea programu, na HashiCorp ilikuwa miongoni mwa walioguswa: ufunguo uliotumika kutia sahihi matoleo yake uliwekwa wazi, ikalazimika kuubadilisha na kutoa Terraform upya. Kisa cha xz kinatisha zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka miwili kusaidia kwa upole mradi wa kubana mafaili uliokuwa ukitunzwa na mtu mmoja aliyechoka, mpaka akaaminiwa kutoa matoleo. Katika 5.6.0 na 5.6.1, mwanzoni mwa 2024, alificha mlango wa nyuma. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kulichelewa nusu sekunde, akakataa kulipuuza jambo hilo, na tarehe 29 Machi akaitahadharisha dunia. Waliokuwa na matoleo ya zamani kidogo, yaliyopimwa, walinusurika.

Visa hivi viwili havifuti kile cha Equifax. Vinaonyesha kwamba kusasisha ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu na muda wa kusoma. Toleo linaloziba tundu lililotangazwa liharakishwe. Toleo lenye mapambo mapya lingoje. Faili la kufungia matoleo, lenye alama za utambulisho za kila maktaba, lihifadhiwe pamoja na msimbo, ili kinachojengwa Bariadi leo kiwe kilekile kitakachojengwa kesho. Terraform na Go zote hutoa faili la namna hiyo bila malipo. Inasikitisha kukuta miradi ambayo faili hilo limefutwa kwa sababu "lilileta usumbufu".

Sheria nazo zipo. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na taarifa za afya imezihesabu kuwa nyeti. Haimbagui mwenye hospitali binafsi wala mwenye duka. TZ-CERT, kitengo cha kukabili majanga ya kompyuta kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), hutoa tahadhari. Pengo lililobaki liko katikati: kati ya tahadhari inayotoka Dar es Salaam na mstari unaobadilishwa kwenye faili.

Pengo hilo huzibwa kwa makubaliano yaliyoandikwa. Novemba 2021, wiki tano tu kabla ya Log4Shell, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, lilianzisha orodha ya matundu ambayo wadukuzi wanayatumia kweli, na kuziwekea taasisi za serikali kuu tarehe za mwisho za kuyaziba. Log4Shell iliingizwa humo tarehe 10 Desemba na tarehe ya mwisho ikawa 24 Desemba. Mkataba wa mfumo unaonunuliwa na halmashauri, hospitali au chama cha ushirika unaweza kubeba kifungu cha aina hiyohiyo: mjenzi akabidhi orodha ya maktaba zote na matoleo yake, aeleze nani atazisasisha baada ya uzinduzi na kwa muda gani, na siku ngapi zitaruhusiwa kupita tundu la daraja la juu likitangazwa. Mnunuzi asiyekuwa na mtaalamu anaweza kuuliza maswali hayo matatu kwa Kiswahili cha kawaida kabla ya kutia sahihi.

Simiyu ina halmashauri 6. Orodha ya mifumo ya kila moja, pamoja na jina na simu ya anayeitunza, inaweza kuandikwa na maafisa wake bila kusubiri mradi wala mfadhili. Ikishaandikwa, kazi ya kwanza ni kuipigia kila namba iliyomo na kusikia kama anayepokea bado yuko kazini, na kama bado ana ufunguo wa seva.